Bale ba makala banakanyaga juu ya feza

Barua imekuja kwa rejista. Jirani wa ghorofa ya chini yangu, ambaye tukikutana kwenye ngazi ananishikia mlango nipite, ametoka nyumbani kwake, amepanga foleni posta, amelipa pesa yake, ili karatasi isafiri kutoka Liège mpaka Liège, huku Ubelgiji, na kunifikia mimi ninayelala juu ya dari lake. Anasema sakafu yangu inanguruma jioni, vikombe vyake vinagongana kabatini, na nakala ameshampelekea msimamizi wa jengo. Mwisho ameweka yale maneno marefu ya heshima ambayo huku wanayaweka hata wakikushtaki.

Kubisha mlango hakulipishwi. Hapo ndipo paliponiuma.

Mimi nimekulia Lubumbashi, kule Katuba. Upande mmoja tulikuwa na kanisa la makesha, upande wa pili baa, na ng'ambo ya barabara fundi wa kuchomelea milango aliyeanza kazi saa yoyote umeme uliporudi, hata saa nane usiku. Kelele ikizidi, mama alikuwa anafunga kitenge, anavuka, anapewa kiti, anaulizwa habari za watoto, na katikati ya habari za watoto anaingiza neno lake. Pengine muziki ulishushwa, pengine haukushushwa. Ila aliyemlalamikia mwenzake alimwona uso. Hapa nimelalamikiwa na bahasha.

Ninachoshtakiwa nacho ni baiskeli, tena baiskeli isiyotembea. Kwa wasioijua: ni chuma chenye miguu ambacho unakibana kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma. Tairi linakaa juu ya roli ndogo, na roli imeunganishwa na sumaku. Ukikanyaga, tairi linasugua roli, sumaku inavuta kinyume, miguu inadhani iko mlimani. Wabelgiji wanaiita home-trainer, mimi nitaandika treina. Za kisasa unavua gurudumu la nyuma kabisa na mnyororo unazungusha mashine yenyewe. Hizo hazina kelele nyingi, lakini ni yuro mia kadhaa, na nyingine zinapita elfu. Yangu ni ya roli, ya zamani, inalia.

Nilipewa. Hilo nalo niliseme, maana nikikasirika nawatukana wote kwa pamoja. Kuna kundi la wazee wastaafu ambao huwa naendesha nao kando ya mto Meuse, kwenye ile njia ya baiskeli isiyoruhusu magari. Mimi ndiye mwanamke mweusi peke yangu, na kwa umri ningekuwa binti yao. Baridi ya kwanza ilipoanguka nikaacha kuonekana. Nafanya kazi kwa zamu katika nyumba ya kutunza wazee. Desemba hapa jua linatoka karibu saa mbili na nusu asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na moja jioni, hivyo naingia kazini gizani na kutoka gizani, na barabara ina barafu. Mmoja wao, mtu aliyepita miaka sabini, akaleta treina kwenye buti la gari, akaibeba mwenyewe hadi kwangu, akaifunga, akanionyesha upepo wa tairi uwe kiasi gani, akanywa kahawa, akaenda. Sikuombwa kitu. Jengo hilohilo, ngazi hizohizo.

Basi nikampigia mama simu ya video, nikiwa na furaha, nikamwonyesha. Akatazama kwa muda.

"Unakanyaga saa muzima na haufike fasi yoyote?"

"Ndiyo, mama."

"Bale ba makala banakanyaga juu ya feza. Weye unakanyaga juu ya nini?"

Mliokulia kule mnawajua bale ba makala, wale wauza makaa. Alfajiri wanaingia mjini kwa barabara ya Likasi, ya Kipushi, ya Kasumbalesa, magunia yamepangwa nyuma ya baiskeli mpaka yanapita kichwa cha mwenye kuendesha. Pakiinuka wanashuka na kusukuma. Mguuni sandali. Mtu kama huyo ukimwambia kwamba daktari ameniagiza nitafute jasho kwa ajili ya presha, na kwamba nalitafuta sebuleni, atakuuliza kama nina akili timamu. Mama naye aliniuliza.

Lakini nitawaambia jambo moja, na hata bale ba makala wangekubali wakipanda: kile chuma ni kigumu kuliko barabara. Mimi napanda vilima vya huku vizuri tu, wazee wale ni mashahidi. Kwenye treina, jioni ya kwanza, nusu saa ilinitoa roho.

Sababu si ya uchawi. Mwili wetu ukifanya kazi ya kukanyaga, kama robo tu ya nguvu ndiyo inayofika kwenye pedali, nyingine yote inakuwa joto. Ukikanyaga kwa wati 150, mwili unamwaga joto la wati kama 450. Barabarani upepo unalichukua bila wewe kujua. Sebuleni hakuna upepo, baiskeli imesimama, na joto linabaki limekuvaa. Moyo unalazimika kupeleka damu kwenye ngozi ili ipoe na kwenye misuli ili ikanyage, kwa hiyo mapigo yanapanda taratibu ingawa wati hazijabadilika. Ndiyo maana watu wengi wanatoa wati chache zaidi ndani kuliko nje, hata waliozoea. Mzee wangu aliponieleza haya nilipumua, kwa sababu nilishaanza kufikiri bukari, yaani ugali, la hapa limenimaliza nguvu.

Halafu hakuna mteremko. Hilo nadhani ndilo linalokula akili. Nje kuna kona, kuna taa nyekundu, kuna daraja ambalo ukishalivuka unaachia miguu na kunywa maji. Kwenye treina ukiacha kukanyaga gurudumu linasimama hapohapo. Saa moja ni saa moja kamili, kila dakika umeilipia. Na matako, mniwie radhi, lakini nani atasema nisiposema mimi? Baiskeli barabarani inalala huku na huku, mtu anajigeuza bila kutambua. Ile iliyobanwa haiyumbi. Mfupa uleule unakaa juu ya ngozi ileile mpaka paja linakufa ganzi. Dawa yake ni kusimama juu ya pedali kila baada ya dakika chache, hata kama huhisi haja bado. Ukingoja maumivu yaje ndiyo usimame, umechelewa.

Feni ndiyo ya kwanza kabla ya kitu kingine chochote, na iwe kubwa, ielekee kifuani, dirisha likiwa wazi hata kama nje ni sifuri. Nikasema niwashe feni Desemba huku majirani wamewasha kipasha joto! Ukiniona unaweza kulia. Taulo moja shingoni na nyingine juu ya usukani, maana jasho lina chumvi na chumvi inakula nati na beringi. Maji chupa mbili. Wati nazipunguza kidogo kuliko za nje na sioni aibu. Na saa nzima siikabili ikiwa nzima: naikata vipande, dakika tano za nguvu, mbili za kulegea, tena tano. Wanaoweza kulipa wana programu ya kwenye skrini inayokuonyesha kisiwa cha kubuni na watu wengine wanaokanyaga kutoka duniani kote, karibu yuro 20 kwa mwezi. Nikaangalia hiyo bei, nikakumbuka ada za watoto wa kaka, nikafunga.

Mimi nasikiliza sauti za WhatsApp za nyumbani. Usicheke. Shangazi yangu akirekodi ujumbe, haupungui dakika tano, na hajawahi kusema jambo lake kabla ya dakika ya nne. Naanza kipande cha nguvu anapoanza salamu. Anapita kwa wagonjwa wote, waliofiwa, waliooa, bei ya unga, umeme uliokatika, TP Mazembe, na anapofika kwenye "sasa mwanangu, kuna kashida kadogo" najua nimebakiza dakika moja, na hasira ya kile kiasi atakachotaja inanimalizia kipande vizuri kuliko muziki wowote.

Mdogo wangu wa kiume yeye ana akili ya biashara. Aliuliza (yaya kwetu ni dada mkubwa): "Yaya, hiyo nguvu yote inaenda wapi? Haitoe umeme?" Nikacheka, baadaye nikakaa nikapiga hesabu. Wati 150 kwa saa moja ni uniti 0.15. Bei ya hapa ni senti thelathini na kitu kwa uniti, kwa hiyo jasho langu lote la jioni lina thamani ya senti tano hivi. Nikimpa mwenye nyumba hataona tofauti kwenye bili. Lakini mdogo wangu alikuwa anahesabu kwa bei ya Lubumbashi: betri ya simu inataka kama wati-saa 15, maana yake saa moja ya miguu ingejaza simu karibu kumi, na mtaa ukikosa umeme siku mbili nyinyi mnajua kuchajisha simu moja ni franga ngapi. "Tuma hiyo mashine, yaya. Nitaweka vijana bakanyage." Ilibidi nimvunje moyo. Treina yangu haina dinamo. Sumaku inageuza nguvu yote kuwa joto la chuma, basi. Akasema wazungu wana mambo ya ajabu. Sikuwa na la kupinga.

Mnaofikiria kuja, mniazime masikio kabla sijarudi kwa jirani. Ukipata nyumba ya kupanga hapa Ubelgiji, usiangalie jiko na bafu peke yake. Omba kanuni za jengo uzisome zote, kwa sababu zimo saa za kelele, siku za kufua, mahali pa baiskeli, hata kutwanga sombe, yaani kisamvu, zinaweza kukukataza bila kutaja sombe. Garanti, yaani dhamana ya nyumba, ni kodi ya miezi miwili hapa Wallonia, upande wa Ubelgiji unaosema Kifaransa, inawekwa benki kwenye akaunti iliyofungwa, si mkononi mwa mwenye nyumba kama kule kwetu, na akitaka umpe taslimu mkononi, ondoka. Siku ya kuingia mnazunguka pamoja mkiandika kila mkwaruzo. Piga picha. Siku ya kutoka watapima tena, na doa la jasho kwenye mbao za sakafu litakatwa kwenye hiyo garanti. Kama una mpango wa kuruka, kusali kwa sauti au kukanyaga, tafuta ghorofa ya chini kabisa.

Nilimshukia jirani. Nilipika mikate, nikafunga kwenye kitambaa safi, nikabisha. Alifungua upana wa mnyororo. Alipokea mikate, akashukuru vizuri sana, akasema kuhusu lile jambo jingine ameshaandika kwa msimamizi na ni bora lifuate njia yake. Nikabaki nimesimama kwenye korido na kitambaa changu.

Njia ikafuata. Msimamizi alijibu kwamba tatizo si sauti inayopita hewani, ni mtikisiko unaoshuka kwenye mbao, jengo ni la zamani. Mzee wangu wa klabu akacheka, akasema angejua angeniambia. Tumeweka zulia la mpira mnene chini, juu yake ubao, chini ya ubao mipira ya tenisi iliyokatwa nusu ikae kama magoti laini. Nimenunua tairi la nyuma lililotengenezwa kwa treina, la mpira mgumu usioisha haraka. Kelele imepungua sana, nakiri. Mzee mwenyewe ana mashine ya kisasa unayoiandikia wati 180 nayo inakushikilia hapo. Ukichoka na kukanyaga polepole inazidi kukaza, unapunguza tena, inakaza tena, mpaka miguu inakwama kabisa. Alinijaribisha siku moja gereji kwake. Nikarudi kuipenda takataka yangu.

Nikiwa gereji hapo alinionyesha picha alizohifadhi za mashindano ya dunia ya baiskeli ya Septemba 2025 kule Kigali, ya kwanza kufanyika Afrika, Pogačar wa Slovenia alipochukua taji. Klabu nzima ilikuwa imeyatazama. Wote waliniuliza kama ndugu zangu walikwenda kuona. Kutoka Lubumbashi mpaka Kigali ni zaidi ya kilomita elfu moja hata ukipita angani, lakini waliposema vile vilima vimewatisha, wao waliozaliwa kwenye njia ya mashindano ya baiskeli ya Liège–Bastogne–Liège, nilikaa wima kwenye kiti kama vilima ni vya baba yangu. Sikuwasahihisha.

Uamuzi wa msimamizi ni huu: Jumatatu mpaka Jumamosi, mwisho saa mbili usiku, Jumapili hakuna. Kwa zamu zangu hiyo inaniachia jioni chache sana, na nyingine nafika nimechoka, miguu imevimba kwa kuinua wazee kitandani. Nakanyaga hivyohivyo. Presha imeshuka, daktari ameandika, nimepiga picha karatasi nikamtumia mama. Amejibu kwa kidole gumba kimoja.

Jumapili nakaa kimya kama nilivyoamriwa, na kuanzia saa moja asubuhi namsikiliza mbwa wa bwana yule akibweka chini yangu. Nimezisoma kanuni za jengo ukurasa kwa ukurasa. Kuhusu mbwa hakuna kitu.