Usiku wa mwisho Yerusalemu, na ile stori ya Uasin Gishu

Naandika hii nikiwa nimekalia sanduku kwa lobi ya hoteli, basi la kwenda eapoti linakuja saa nne usiku na watoto washalala kwa kochi na viatu vyao. Ni Desemba 2019, siku kumi zimeisha hivyo tu. Tulikuja familia kumi na mbili za sinagogi yetu ya Maryland, nyanya wawili wa miaka themanini na kitu, watoto kibao, na mimi msichana wa Eldoret niliyeolewa huko, ambaye kila duka nikiingia naulizwa kama natoka Ethiopia.

Mamangu ni mtu wa kanisa tangu azaliwe, nilipomwambia naenda Yerusalemu alilia kwa simu. Nikamtumia ratiba, akanyamaza, halafu akauliza, "Sasa Bethlehemu iko wapi hapa?" Haikuwepo. Nikamwambia hii ni hija ya Wayahudi, mama, kuzaliwa kwa Yesu si stori yao. Akasema haya, basi angalau maji ya Yordani. Kwa hivyo siku tulipopita Galilaya nilimwomba dereva asimame dakika tano, nikateremka na chupa ya soda nikachota, basi zima likinichungulia dirishani.

Masada, ile ngome ya kale juu ya mlima, tulipanda kwa zile gari za kamba, Bahari ya Chumvi tukaelea (iko zaidi ya mita 400 chini ya usawa wa bahari, masikio yaliziba njia yote), sina mengi ya kusema hapo. Lakini Ukuta wa Magharibi, pale Wayahudi wanaposali, siusahau. Upande wa wanawake ni mdogo, tumebanana, na kuna kina mama wamepanda juu ya viti vya plastiki wanachungulia juu ya uzio, kule kwa wanaume kijana wao anasoma Torati mara ya kwanza, akimaliza wanamrushia pipi huku wanapiga vigelegele kabisa kama harusi ya kwetu. Mimi nilienda pale nikijua nitalia, kumbe nikacheka.

Kulia kulikuja Yad Vashem, makumbusho ya Wayahudi waliouawa na Wanazi, ile sehemu ya watoto. Ni giza, mishumaa michache tu lakini vioo vinaizidisha mpaka inakuwa kama nyota, na sauti inasoma jina, umri, nchi. Jina, umri, nchi. Binti yangu ana miaka 12, alinishika mkono na hakuniachilia mpaka nje.

Kutoka hapo ni karibu tu na Mlima Herzl, alikozikwa Theodor Herzl, aliyeanzisha harakati ya Uzayuni, ya Wayahudi kupata nchi yao. Kaburi lenyewe ni jiwe jeusi limeandikwa neno moja, Herzl, basi. Mwongozaji wetu akaanza kueleza vile mwaka 1903 huyu mzee alipeleka kwa kongresi ya Wazayuni kule Basel, Uswisi, ofa ya Waingereza, Wayahudi wapewe ardhi "Uganda". Nikainua mkono kama mtoto wa shule. Nikamwambia hiyo si Uganda ya leo, ni Uasin Gishu, kule Eldoret, ni kwetu. Watu wote wakageuka. Akasema ndio ndio, lakini si palikuwa patupu? Aki hapo nilishindwa kunyamaza. Patupu kwa nani? Wamasai walilisha pale, Wanandi walikuwa bado wanapigana na Mwingereza, kongresi ikakataa hiyo ofa katikati ya 1905 na Oktoba hiyo hiyo Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, akauawa. Halafu 1908 wakaja Makaburu na magari yao ya ng'ombe, mji wa Eldoret ukaanzia shamba namba 64, ndio maana mpaka leo wazee wanauita Sisibo, yaani "sixty-four". Niliongea kuliko nilivyopanga, bwanangu akaanza kuangalia viatu.

Nyanya mmoja akasema polepole, "Kumbe walitupa kitu ambacho si chao." Kisha akaangalia zile nyumba kule bondeni, akakaa hivyo muda mrefu. Sikumuuliza anawaza nini.

Leo jioni Shabati ilipoisha tulipanda juu ya paa kufanya Havdala, ile ibada ya kuaga Shabati. Mshumaa wa kusokotwa, divai, na kikopo cha viungo kinapitishwa kila mtu anuse. Kijana wangu akanusa akapiga kelele, "Pilau!" Ni karafuu. Watu walicheka hadi rabi akapoteza mstari. Mshumaa ukazimwa ndani ya divai, chwii, halafu tukawasha ile ya Hanuka, sikukuu yao ya mishumaa ya siku nane, usiku wa saba, upepo ukizima miwili kila tukimaliza.

Nimempigia mama sasa hivi, nikamwambia hiyo stori yote ya 1903. Amecheka mpaka akakohoa. "Kwa hivyo Yerusalemu ingekuwa hapa Sisibo, na mimi ningekuwa mpangaji wa mkweo?" Nikamwambia karibu hivyo. Akatulia kidogo. "Na ile chupa umeifunga vizuri?"