P0171: sensa ilisema kweli

Taa ya injini iliwaka, nikachomeka skana, ikatoa kodi (msimbo wa kosa): P0171. Yaani mchanganyiko una hewa nyingi mno kwa petroli iliyopo, benki 1 (upande wa injini wenye silinda namba 1). Fundi akakimbilia kubadilisha sensa ya oksijeni, ile inayopima oksijeni iliyobaki kwenye moshi na kuleta taarifa. Siku mbili tu, taa ikarudi. Mjumbe hauawi, lakini sisi tulishamuua.

Safari hii sikufuta kodi, maana ukiifuta unapoteza pia kumbukumbu ya hali ya injini kosa lilipotokea. Nikatazama marekebisho ya mafuta, yaani kiasi cha petroli ambacho kompyuta ya gari inaongeza au kupunguza. Injini ikinguruma bila kukanyagwa, yalikuwa juu kwa asilimia 24. Nikipandisha hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, yanashuka hadi 5. Pampu dhaifu au filta iliyoziba kwa kawaida huzidisha tatizo injini inapodai mafuta mengi. Hewa ya wizi, inayopenya kwenye ufa bila kupimwa, ni kinyume: hujionyesha injini ikiwa taratibu, kwa kuwa mvuto wa hewa ndani ya manifoldi (mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda) ni mkubwa na hewa halali ni kidogo.

Nikazima, nikaiacha ipoe, nikapapasa mipira mmoja mmoja. Ule wa vali ya PCV (inayorudisha mvuke wa ndani ya injini ukaungue tena), nyuma ya manifoldi, ulikuwa umepasuka upande wa chini, jicho halifiki. Nikabadilisha, nikafuta kodi. Marekebisho sasa ni asilimia 2.