Nyumba haikuzama, ilinyanyuliwa

Fundi wa kwanza aliutazama ule ufa wa bafuni akasema lipu imekauka vibaya. Akajaza saruji, nikapaka rangi, baada ya miezi minne ufa ukarudi palepale. Wa pili akaapa msingi umezama, tubomoe kona nzima tujenge upya, milioni nne na ushee. Nilikasirika, maana hakuchimba hata koleo moja.

Tupo Shinyanga, kwenye udongo wa mbuga. Wa huku wanaujua: kiangazi unapasuka hadi mguu wa mbuzi unazama, mvua ikinyesha unavimba.

Nikaanza na vioo. Unabandika kipande chembamba cha kioo kukatiza ufa. Ukuta ukisogea, kioo hakivutiki, kinakatika. Mara ya kwanza nilitumia gundi juu ya rangi. Wiki tatu kioo kizima, nikamwambia mama watoto ufa umelala. Kumbe rangi ndiyo iliyobanduka, kioo kimeshikwa upande mmoja tu na ufa unaendelea! Nikakwangua hadi kwenye tofali, nikabandika vitatu kwa uji wa saruji, tarehe kwa penseli pembeni. Siku ya 9 cha chini kilikatika. Cha kati kikafuata. Cha juu hakikuguswa.

Kona ikizama, ufa huwa mpana juu. Wangu ulikuwa mpana chini, yaani kona ilikuwa inasukumwa kwenda juu. Nikapima kozi (mstari) ileile ya tofali kwa mpira wa maji wa mafundi, ambao maji yake husimama usawa mmoja ncha zote mbili: kona ya bafuni imezidi nyingine kwa karibu sentimita 2.

Nikachimba. Ilikuwa Agosti, kiwanja chote kikavu, lakini pale futi tatu chini udongo unanata kama mlenda. Jioni nikakoroga ndoo ya bluu ya kufulia, nikaimwaga bafuni. Alfajiri nikashuka shimoni na tochi: ukuta wa shimo unatiririsha bluu. Kiungo cha bomba la maji machafu kilikuwa kimeachana.

Kulitengeneza haikufika laki mbili. Ila usikimbilie kuziba ufa, udongo ukikauka unanywea na ukuta unarudi. Ufa wangu ulikuwa milimita 6. Mwisho wa Oktoba ukabaki 2. Nikabandika kioo kipya, nikasubiri mvua zote zipite. Mei kilikuwa bado kizima, ndipo nikapiga lipu.