Kwa thamani zote: hisabati ninayowafundisha wanafunzi wa kompyuta

Mwaka mpya wa masomo ukianza, huulizwa swali lile lile, tena kwa heshima kabisa: "Mwalimu, sisi tumekuja kujifunza kutengeneza programu. Seti, mantiki na mahusiano vinatuhusu nini?" Ni swali la haki, na halistahili kujibiwa kwa "mtakuja kuona huko mbele". Mwanafunzi anayetoa saa zake kwa somo ana haki ya kujua anazitoa kwa ajili ya nini.

Jibu langu huanza na fankisheni ndogo mno. Inapokea namba kamili mbili za biti 32, yaani kila moja imeandikwa kwa tarakimu 32 za 0 au 1, na kurudisha jumla yake, basi. Utajuaje kwamba ni sahihi? Wengi husema: tuijaribu. Haya, tuijaribu. Jozi zinazoweza kuingia humo ni 2⁶⁴, yaani 18,446,744,073,709,551,616. Kompyuta inayopima jozi bilioni moja kila sekunde ingehitaji zaidi ya miaka 580 kuzimaliza. Na kati ya jozi hizo zimo zile ambazo jumla yake haienei katika biti 32: katika lugha ya Java, 2,147,483,647 ukiiongezea 1 unapata −2,147,483,648. Ukijaribu 2 na 3, kisha 10 na 20, hutaliona hilo kamwe.

Kwa hiyo hisabati ya msingi ninaitetea kwa sababu moja. Programu hufanya kazi juu ya data ambazo aliyeiandika hajaziona na hataziona. Majaribio yanakueleza habari za thamani ulizochagua. Ukitaka kusema neno juu ya thamani zote, huna njia nyingine isipokuwa kufikiri, na hisabati hii ndiyo inayofundisha kufikiri kwa namna hiyo.

Mimi huanza na mantiki, hata pale mtaala unapotanguliza seti. George Boole aliandika aljebra ya mantiki katikati ya karne ya 19, na mwaka 1937 Claude Shannon, akiwa bado mwanafunzi wa chuo cha MIT huko Marekani, alionyesha katika tasnifu yake kwamba aljebra hiyo inaeleza saketi za swichi. Napenda wanafunzi wajue kwamba aliyeona daraja hilo alikuwa mwanafunzi kama wao. Lakini historia siikalii sana. Ninachokalia ni ukanusho.

Tazama sharti hili, ambalo naliona katika kazi za wanafunzi mwaka hadi mwaka: "kama chaguo si 1 au chaguo si 2, onyesha ujumbe wa kosa." Linasomeka vizuri, na aliyeliandika anajua alichokusudia. Ila sharti hilo ni kweli daima. Mtumiaji akichagua 1, basi hakuchagua 2, na upande wa pili wa "au" unatimia. Akichagua 2, upande wa kwanza unatimia. Hakuna atakayepona. Kanuni za De Morgan zinasema kwamba ukikanusha "A au B" unapata "si A na si B", na ukikanusha "A na B" unapata "si A au si B". Mwanafunzi anaweza kuzikariri kwa dakika mbili, lakini nataka azione kwenye jedwali la ukweli lenye mistari minne alilolichora kwa mkono wake, kwa sababu mistari minne hiyo ndiyo hali zote zinazowezekana. Hapo kwa mara ya kwanza amethibitisha jambo bila kuacha pengo.

Baada ya hapo tunaingia kwenye "kila" na "yupo", na hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Nikiuliza kinyume cha "wanafunzi wote wamefaulu", nusu ya darasa hujibu "hakuna aliyefaulu". Sivyo. Kinyume chake ni "yupo angalau mmoja ambaye hakufaulu". Anayechanganya hayo mawili ataandika kitanzi, yaani maagizo yanayorudiwa kwa kila aliyemo kwenye orodha, kinachosimama kwa mtu wa kwanza aliyefaulu na kutangaza kwamba wote wamefaulu. Kitanzi sahihi hutafuta mmoja aliyeshindwa. Kikimpata, jibu ni "hapana" papo hapo. Kikimaliza orodha bila kumpata, ndipo jibu linakuwa "ndiyo".

Sasa weka orodha tupu. Je, wanafunzi wote wa darasa lisilo na mwanafunzi wamefaulu? Mantiki inajibu ndiyo, na darasa langu hupinga kwa sauti. Ninawaacha wapinge, kisha nawaomba wanikanushe: nileteeni mwanafunzi wa darasa hilo ambaye hakufaulu. Hayupo. Kauli ya "kila" huangushwa na mfano mmoja wa kuipinga, na penye utupu mfano huo haupatikani, kwa hiyo kauli inasimama. Katika lugha ya Python, ukiita all([]), yaani ukiuliza kama vyote vilivyomo katika orodha tupu ni kweli, utarudishiwa True (kweli), na waliotunga lugha hiyo hawakukosea.

Naomba msomaji asipite hapa haraka. Fikiria mfumo unaoruhusu oda kusafirishwa "ikiwa bidhaa zake zote zimekaguliwa". Oda isiyo na bidhaa hata moja itapita, na itapita kihalali kabisa, kwa sababu sharti lililoandikwa limetimia. Kompyuta imefuata mantiki neno kwa neno. Aliyeandika sharti alipaswa kuongeza: na iwepo angalau bidhaa moja. Programu ikianguka kwa sababu ya orodha tupu, mara nyingi ni kwa kuwa hakuna aliyejiuliza seti tupu inasema nini.

Seti zenyewe huwa rahisi zikija baada ya mantiki. Muungano ni "au", makutano ni "na", kijalizo ni "si", na De Morgan anarudi akiwa amevaa alama nyingine. Sioni haja ya kupoteza wiki nzima tukichora miduara. Afadhali niwahi kwenye zao la seti mbili, yaani jozi zote zinazopatikana kwa kuchukua kimoja kutoka kila seti, na kwenye mahusiano, kwa sababu huko ndiko hifadhidata zilikotoka. Mwaka 1970 Edgar Codd, mtafiti wa kampuni ya IBM, alipendekeza kwamba data zihifadhiwe kama mahusiano kwa maana ile ile ya kihisabati: uhusiano ni seti ndogo ya zao la seti kadhaa. Kila jedwali la SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, ambalo mwanafunzi atalishika maishani linatokana na wazo hilo.

Faida yake inaonekana mapema. Una jedwali la wanafunzi 500 na jedwali la kozi 40. Ukiyaunganisha ukasahau sharti la kuyaunganishia, unapata mistari 20,000, maana umeomba zao lote na umepewa. Mwanafunzi anayejua zao la seti hulitambua kosa kwa kuitazama hesabu ya mistari peke yake. Vile vile ataelewa kwa nini UNION, amri ya kujumuisha matokeo mawili, hufuta mistari inayojirudia ilhali UNION ALL huiacha: ya kwanza inaheshimu kanuni ya seti kwamba kitu hakihesabiwi mara mbili. Na kuna NULL, alama ya thamani isiyojulikana, ambayo imewatesa watu wazima wenye uzoefu. Ukitumia NOT IN ("haimo") juu ya orodha iliyobeba NULL hata moja, ulizo lako halirudishi mstari wowote. Sababu ni mantiki tupu. "Haimo" inafunguka kuwa "si cha kwanza, na si cha pili, na si cha tatu", na kimoja kikiwa hakijulikani, sentensi nzima haiwezi kufikia kuwa kweli. SQL ina thamani tatu za ukweli, si mbili, na jedwali la ukweli la thamani tatu linachorwa kwa mkono vile vile.

Nikifika kwenye fankisheni, kuna uthibitisho mmoja ninaoupenda kuliko yote ninayofundisha. Huwapo mwanafunzi mwenye bidii anayetaka kutunga programu ya kubana mafaili, itakayopunguza ukubwa wa faili lolote lile bila kupoteza hata biti moja. Simwambii kwamba haiwezekani. Namwomba tuhesabu. Mafaili yote ya biti 3 ni 8. Mafaili mafupi kuliko hayo ni mangapi? Ya biti 2 ni 4, ya biti 1 ni 2, na lile lisilo na kitu ni 1. Jumla 7. Mafaili 8 hayaingii katika nafasi 7 bila mawili kuangukia mahali pamoja, na yakiangukia pamoja, siku ya kulifungua hutajua lilikuwa lipi kati ya hayo mawili. Kwa lugha ya fankisheni, kubana bila kupoteza kunadai fankisheni ya moja kwa moja, yaani ambayo vitu viwili tofauti havipewi jibu moja, na fankisheni ya moja kwa moja kutoka seti kubwa kwenda seti ndogo yenye ukomo haipo. Programu za kubana tunazotumia zinafaulu kwa kuwa mafaili ya watu yana mpangilio na marudio; mengine yote zinayaacha yalivyo au kuyarefusha kidogo.

Kisha nauliza: mlijuaje kwamba hali ni hiyo hiyo kwa biti 4, kwa biti 100, kwa n yoyote? Hapo induksheni, njia ya kuthibitisha kauli kwa n zote, inaingia ikiwa na kazi ya kufanya. Tunataka idadi ya mafaili mafupi kuliko biti n, yaani 1 + 2 + 4 + … + 2ⁿ⁻¹, iwe 2ⁿ − 1. Kwa n = 1 ni kweli, maana 1 = 2 − 1. Tukikubali kwamba ni kweli kwa n fulani, tuongeze kipengele kinachofuata, 2ⁿ, tunapata 2ⁿ − 1 + 2ⁿ, yaani 2ⁿ⁺¹ − 1, nayo ndiyo kauli ile ile kwa n + 1. Mistari miwili, na namba zisizo na mwisho zimekwisha. Mwanafunzi aliyeshika hili haogopi fankisheni inayojiita yenyewe, kwa kuwa umbo ni moja: hali ya mwanzo inayojibiwa moja kwa moja, na hatua inayoegemea jibu la tatizo dogo zaidi. Anayesahau hali ya mwanzo katika programu angeisahau na katika uthibitisho.

Logi, yaani kuuliza namba inagawika nusu mara ngapi hadi ibaki 1, naipitia upesi lakini siiachi. Orodha ya vitu milioni moja iliyopangwa, ukiigawa nusu kila mara, itakufikisha kwenye kitu unachotafuta kwa hatua zisizozidi 20, maana 2²⁰ ni 1,048,576. Kwa bilioni moja ni 30. Kuhesabu mipangilio na uwezekano nako kunahitaji nafasi, hasa tukifika kwenye migongano, yaani vitu viwili kuangukia thamani moja: kati ya watu 23 tu, uwezekano wa wawili kuchangia siku ya kuzaliwa unapita nusu, na anayetoa vitambulisho kwa kubahatisha ajue hilo kabla hajachagua urefu wake.

Kuhusu matriksi nina msimamo usiopendwa na kila mwalimu mwenzangu. Tunatumia muda mwingi mno kukokotoa ditaminanti za 3 kwa 3 kwa mkono, kazi ambayo mashine inaifanya kufumba na kufumbua, na muda mchache mno kuuliza matriksi inafanya nini. Ningependa mwanafunzi aelewe kwamba kuzungusha picha kisha kuisogeza hakuleti matokeo sawa na kuisogeza kisha kuizungusha, na kwamba hiyo ndiyo sababu kwa matriksi A na B, AB kwa kawaida si sawa na BA. Kalkulasi nayo, kwa mtu wa mifumo na hifadhidata, inaweza kusubiri muhula mwingine. Atakayeelekea kwenye mashine zinazojifunza ataihitaji kweli kweli, maana minyambuo, yaani vipimo vya kasi ya badiliko, ndiyo inayoongoza mafunzo ya mashine hizo, lakini ataifaidi zaidi akija na mantiki iliyonyooka.

Ninachosisitiza ni karatasi. Zoezi likifanyiwa kwenye kompyuta mwanzoni, mwanafunzi hubadilisha alama hadi programu ikubali, na hajui imekubali kwa nini. Akilifanya kwa kalamu, analazimika kuamua mwenyewe kama ni sahihi. Kompyuta ije baadaye, kuthibitisha alichokwisha kuamua.

Kwa hiyo kwa msomaji aliyefika hapa, chukua kalamu. Andika kinyume cha kauli hii: "Kila mteja ana angalau oda moja ambayo bidhaa zake zote zimesafirishwa." Usitangulize "si kweli kwamba" ukaishia hapo, usukume ukanusho ndani hadi mwisho. Kila "kila" igeuke "yupo", na kila "yupo" igeuke "kila". Utapata: yupo mteja ambaye kila oda yake ina angalau bidhaa moja ambayo haijasafirishwa. Ukishaipata, jiulize mteja asiye na oda hata moja anaangukia upande gani, kisha andika ulizo la SQL linalowatafuta wateja hao wote, uone kama na yeye amerudi kwenye orodha.