Mguu wa nje

Jambo ninalolirudia moyoni kila msimu wa theluji ni lile lile: kwenye skii, zile mbao mbili ndefu za kutelezea theluji, kona hubebwa na mguu wa nje. Ukipinda kushoto, mzigo uko kulia. Ukipinda kulia, uko kushoto. Mwili hautaki. Ukiogopa kasi hujilaza upande wa mlima, uzito ukahamia skii ya ndani, na ile ya nje ikabaki tupu, ikaponyoka.

Skii ina kiuno: ncha na mkia ni vipana kuliko katikati. Ilaze juu ya ukingo wake wa chuma, ikandamize, nayo itapinda kama upinde na kujipeleka yenyewe. Skii za slalomu, yaani mbio za kupinda kati ya vigingi, zina mkunjo wa kiuno wenye nusu kipenyo cha mita 12 au 13 hivi. Ukiilaza ya mita 13 kwa digrii 60 kwenye theluji ngumu, hukata kona yenye nusu kipenyo cha karibu mita 6 na nusu. Kwa hiyo usukani ni ile pembe ya kulaza, wala si mabega.

Pembe hiyo huanzia chini. Skii zikiisha kulala bapa kati ya kona mbili, inamisha vifundo vya miguu kuelekea upande wa kona mpya, magoti yafuate, nyonga zije mwisho. Miundi isiache kuegemea ulimi wa kiatu. Anayekaa nyuma kama yuko kitini huzinyima ncha uzito, kona ikakataa kuanza, naye akaanza kuzungusha mabega. Hapo mikia hufagia theluji. Geuka uzitazame alama zako. Mistari miwili myembamba ni kona ya kukata, michirizi mipana ni ya kuburuza. Siibezi ya kuburuza hata kidogo: kwenye mteremko mkali au wenye watu wengi ndiyo breki yako.

Kwenye ubao wa theluji miguu yote imefungwa kwenye kitu kimoja, na kosa linaloumiza zaidi ni kuuwahisha ukingo wa upande wa bondeni kabla ubao haujaelekea chini. Theluji huudaka, mtu akabwagwa papo hapo. Anza na mguu wa mbele peke yake, ubao ujisokote kidogo, usubiri uelekee bondeni, ndipo mguu wa nyuma ufuate. Nusu sekunde hiyo ya kusubiri ni ngumu kuliko mbinu nyingine yoyote ninayoijua. Ubao ukitetemeka upande wa visigino, mara nyingi miguu imenyooka mno: kunja magoti, vuta vidole juu kuelekea muundi.

Kwa mwenye skii, kipimo kizuri cha mzigo ni hiki: katikati ya kona, inua mkia wa skii ya ndani sentimita chache, ncha ibaki inagusa theluji. Ukigoma kuinuka, bado umeiegemea.