Doa la Sanduku

Nilikuwa nyumbani Tabora nikisubiri matokeo ya kidato cha sita, na kwa mjomba wangu kijana anayesubiri matokeo ni kibarua asiyelipwa. Mjomba ni seremala. Ndivyo nilivyojikuta nimepiga magoti ghorofani kwa bibi mmoja jirani na stesheni, pua imejaa vumbi la mninga. Vumbi hilo lisikie kwa watu tu. Linawasha, linakohoza, na mwenye pumu halimfai hata kidogo.

Sakafu ya mbao ni nadra mjini kwetu. Wengi tumekulia kwenye saruji nyekundu, na siku hizi ni vigae. Lakini chumba cha juu cha Bibi kilikuwa mninga mtupu, mbao pana za enzi ambazo mninga haukuwa wa kutafutwa kwa tochi. Mjukuu wake alikuwa anaolewa, wageni wangefikia humo, naye alitaka sakafu ing'ae.

Tulianza na mashine ya kukodi na msasa namba 40. Vanishi ya zamani ikatoka. Doa la mafuta ya taa, pale koroboi ilipowahi kumwagika, halikutusumbua: tulipaka thina, tukalifunika kwa unga wa chaki, asubuhi unga umeyafyonza. Shida ilikuwa dirishani. Hapo palikaa miaka mingi sanduku la chuma la marehemu mume wa Bibi, mtu wa reli, na paa juu yake lilikuwa likivuja. Sanduku liliondoka likaacha mraba mweusi wenye ubluu kwa mbali, pembe zake nne zimekolea kuliko kwingine, na kila msumari uliokuwa karibu umevaa pete nyeusi.

Mjomba akalikazania kwa msasa. Mbao zikaanza kubonyea, weusi uko palepale. Akazima mashine, akajipangusa jasho, asiseme neno.

Mtoto mkubwa wa Bibi, aliyekuja kukagua kazi, akaona njia rahisi. "Mama, liacheni tu. Si ukumbusho wa baba?"

Bibi hata hakugeuka. "Baba yenu alikuwa mtu, hakuwa doa. Litoeni."

Mimi kemia ilikuwa bado mbichi kichwani. Mninga ukiukata unatoa utomvu mwekundu, na utomvu ule umejaa tanini, kemikali ya mimea. Kutu ikikutana na tanini penye maji, vinaungana vikawa kitu cheusi tii. Kwa njia hiyohiyo watu wa kale walitengeneza wino wa kuandikia. Kwa hiyo Bibi alikuwa na wino ulionywewa na mbao, na ukitaka kuutoa kwa msasa lazima uimalize mbao yenyewe. Dawa yake ni asidi oksaliki, inayoikamata ile chuma na kuifanya iyeyuke majini. Mjomba alinisikiliza kwa uso wa mtu anayehesabu pesa ya mwenzake. Kisha akauliza, "Hiyo si ile poda ya mafundi wa terazo?"

Ndiyo yenyewe. Wanaitumia kung'arishia, na fundi mmoja alitupimia kwenye mfuko wa nailoni. Ni sumu, haichezewi. Tulivaa glavu na barakoa, tukafungua madirisha, tukaikoroga kwa maji ya moto kwenye ndoo ya plastiki, gramu 100 hivi kwa lita, maana ndoo ya bati ingetuharibia kila kitu. Nilisisitiza tupake ubao mzima kutoka ncha hadi ncha, la sivyo tungebadilisha doa jeusi kwa doa jeupe.

Nililala kifudifudi kuangalia. Mwanzoni mbao ililowa tu. Halafu pete ya msumari mmoja ikaanza kufifia kutokea nje kwenda ndani, ikawa kijivu, ikawa kahawia, na chini yake ukajitokeza mstari wa mninga, mwekundu wenye dhahabu. Mjomba alichuchumaa kando yangu. "Ebo," alisema, na kwa Mjomba hiyo ni hotuba.

Pembe za sanduku zilidai kupakwa tena. Baadaye tukasuuza kwa maji ya magadi kuivunja nguvu asidi, tukasuuza tena kwa maji matupu, tukaacha pakauke kabisa ndipo tukagusa msasa namba 120, kwa sababu vumbi la asidi iliyobaki hutalitaka mapafuni. Kumalizia tulitumia nta ya nyuki, na nta Tabora haina uhaba. Tuliiyeyusha juu ya maji yanayochemka, tukaiepua mbali na moto kabla ya kutia tapentaini.

Ubao mmoja karibu na mlango ulitushinda. Hapo alikojoa paka, vizazi na vizazi vya paka, na mkojo una shida nyingine kabisa. Hidrojeni peroksaidi ya duka la dawa, ile ya asilimia 3 ya kuoshea vidonda, haikuutisha. Mjomba akaung'oa taratibu, akaenda kung'oa mwenzake chini ya kabati, akazibadilisha. Kabati likarudi mahali pake. Hakuna aliyeambiwa.

Kesho yake Bibi alipanda juu na mkongojo wake, akazunguka chumba kizima kimya, akasimama mlangoni kuliko kwingine. Kisha akaniita, akanionyesha kabati.

"Hebu sogeza, mjukuu wangu, nione huyo paka mmemzika wapi."