Mishale kwenye daftari langu

Nina daftari dogo lisilo na jina la mtoto hata mmoja. Kila anapopasuliwa mtoto mwenye makengeza, naandika umri wake na kuchora mshale: wa kuelekea puani kama jicho lilikuwa likienda ndani, wa kuelekea sikioni kama lilikuwa likienda nje. Nilianza nikiwa muuguzi mgeni chumba cha upasuaji, nikiogopa kuchanganya misuli. Juzi nimelipekua toka mwanzo. Kurasa za zamani zimejaa mishale ya puani. Za karibuni imepungua.

Daftari la mtu mmoja si ushahidi, lakini sikushangaa. Uingereza nako upasuaji huu kwa watoto ulipungua sana miongo ya mwisho ya karne ya 20, na miwani ni sababu mojawapo iliyotajwa. Mtoto wa miaka 2 au 3 mwenye tatizo la kuona karibu hukaza macho ili aone, na yakikazwa hivyo huvutana kuelekea puani. Akipewa miwani ya nguvu kamili akaivaa kutwa, mara nyingi macho hunyooka bila kisu. Hao hawafiki kwetu, na sina hamu nao.

Wanaofika ni vichanga ambao jicho liligeuka kabla ya miezi 6. Hawa hupasuliwa mapema, mara nyingi kabla ya miaka 2, ubongo uwahi kujifunza kutumia macho mawili kwa pamoja. Wa mishale ya sikioni huja wakubwa zaidi. Jicho lao hutoroka wakichoka au wakiwa juani, kisha hurudi, basi nyumbani huambiwa ataacha akikua.

Mama mmoja aliniuliza kama jicho litatolewa liwekwe kwenye bakuli. Halitolewi, nikamwambia. Hukatwa utando mwembamba juu ya weupe wa jicho, msuli hushikwa kwa ndoano, kisha hushonwa nyuma kidogo ulegee, au hufupishwa ukaze. Ni milimita chache tu. Siku ile sikumwambia kwamba ndoano ikivuta, moyo wa mtoto huweza kupunguza mwendo ghafla. Mlio wa mashine unaachana, tit… tit… tit, mtaalamu wa usingizi anasema “achia”, daktari anaachia, mlio unarudi. Mpaka leo mimi hubana pumzi. (Dieffenbach, daktari mpasuaji Mjerumani, alipomkata msuli mtoto wa miaka 7 kule Berlin mwaka 1839, nusukaputi ilikuwa bado. Yule mtoto alikuwa macho!)

Mishale mingine nimeizungushia duara: waliorudi mezani. Hao si wachache, na si lazima mtu awe amekosea. Jicho lililonyooshwa huweza kuhama tena miaka ikipita. Upasuaji pia hauponyi jicho vivu, yaani lile ambalo ubongo umezoea kulipuuza, kwa hiyo kiraka cha kuziba jicho lenye nguvu na miwani huendelea, ingawa wazazi wengi hutamani kuvitupa siku ile ile.

Mshale wa mwisho wenye duara unaelekea sikioni. Mshale wa kwanza wa mtoto huyo, kurasa nyingi nyuma, ulielekea puani. Mama yake ndiye aliyenitambua. Safari hii hakuuliza habari ya bakuli, aliuliza nani atasikiliza mlio.